Ufunguo Usiovuka Daraja

Sehemu ya Tisa

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua kama Halszka Brodowska alisaini au hakusaini, na kuna bwana mmoja aliyeniambia kwamba angekuwa yeye angesaini mara mbili ili wino ukolee. Basi tusipotezeane muda.

Hakusaini. Lakini msimpe sifa bado, maana herufi ya kwanza aliiandika.

"Malizia, dada," alisema Kasper Rudzki, akiegemea kaunta. "Umeshaweka H. Zimebaki tisa tu za Brodowska."

Kasper ni mtu wa mauzo wa Wiatrak, kampuni ya Warsaw inayosambaza kila gemu linalouzwa katika kile kiduka cha Halszka pale Zgorzelec, mpakani mwa Poland, hatua mia mbili kutoka darajani. Ana suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, na meno ya kutosha watu wawili.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. *Mimi, kwa uzembe wangu, nilimuuzia Bi Ingeborg Tietze, mkazi wa Görlitz, ufunguo mbovu.*

Ni uongo mtupu. Ufunguo ulikuwa mzima kama yai. Ni kadi ya kukwangua kama vocha ya simu: unapata namba, unaziingiza kwenye kompyuta, gemu linafunguka. Halszka anaziuza zloty mia moja na kumi na tisa. Ng'ambo ya mto Nysa, upande wa Wajerumani, gemu lile lile ni euro sitini, yaani zaidi ya mara mbili.

Ingeborg Tietze alivuka daraja kwa miguu, akanunua, akarudi kwake, akakwangua. Kompyuta ikamjibu: *Bidhaa hii haipatikani katika nchi yako.*

Mwingine angenuna kisha akalala. Ingeborg aliandika barua Brussels, kwenye ofisi ya Umoja wa Ulaya ya ushindani wa biashara. Na Brussels ikajibu. Siku hiyo, saa tano asubuhi, mkaguzi wao angeingia katika kiduka hicho kusikiliza maelezo.

"Nikikataa?" Halszka aliuliza.

"Kesho mzigo wako haufiki. Na keshokutwa."

"Nikikubali?"

"Unakuwa wakala mkuu wa wilaya nzima. Bango la taa juu ya mlango. Dada, huyo bibi atakununulia bango?"

Halszka alitazama rafu zake. Miaka sita amezijaza moja moja. Nyuma ya rafu, baba yake, mzee Zenon, aliyekuwa mkuu wa stesheni kabla ya kustaafu, alikuwa akipanga kadi kwa alfabeti na kujifanya hasikii.

Kengele ya mlango ikalia.

"Mkono mmoja, jamani, mmoja tu, trei inaniponyoka," alisema Ingeborg Tietze, akiingia kwa mgongo na trei ya keki ya cheri. Ana miaka sabini na moja, mabega mapana, na nywele fupi nyeupe alizozikata mwenyewe. "Huyu nyuma yangu ni Bi Odile Vanacker wa Brussels. Nimemkuta darajani anazungusha ramani."

"Ramani ilikuwa sahihi," alisema yule mwanamke mrefu nyuma yake. "Mimi ndiye niliyekuwa juu chini."

Walikuwa wamewahi kwa dakika arobaini. Tabasamu la Kasper likabaki usoni, lakini macho yalishakimbilia mlangoni.

Ingeborg aliweka trei kaunta, akakata kipande kikubwa kuliko vyote. "Hiki cha Halszka," alisema. "Leo ana siku ngumu kwa ajili yangu."

Hapo ndipo Halszka alipoitazama ile H yake na kuona aibu. Akaipiga mstari, akaigeuza karatasi, akamsukumia mkaguzi.

"Bi Vanacker, hii iliandikwa kabla hamjafika. Si mimi niliyeiandika, na sahihi yangu haimo."

Odile alisoma bila haraka. "Ya nani?"

"Rasimu tu," Kasper alidakia. "Tulikuwa tunatafuta chanzo cha tatizo. Na chanzo chenyewe, kwa heshima zote, ni kwamba mama yetu hapa alibonyeza vibaya. Wazee na kompyuta."

"Kijana," alisema Ingeborg, "nimeendesha tramu miaka thelathini na moja. Ile nayo ina vitufe."

"Basi tujaribu." Kasper alipiga makofi. "Sasa hivi. Nachukua ufunguo mpya hapa dukani, tunavuka, tunaufungulia Ujerumani mbele ya mkaguzi. Ukikubali, tunakula keki na kila mtu anarudi kwao."

Halszka alishtuka. Mtu mwenye la kuficha haombi taa iwashwe. Lakini Odile alikwisha kuchukua kompyuta yake na kuelekea mlangoni.

Zenon alibaki dukani. Wanne wakavuka.

Upande wa pili, chini ya kuta za mji mkongwe, Odile aliweka kompyuta juu ya ukuta wa mawe. Watalii wawili wakasimama kuangalia, wakidhani ni mchezo wa kuigiza.

"Intaneti?" aliuliza.

"Tumia ya simu yangu," alisema Kasper, mkarimu kweli kweli, akaiweka ile simu pembeni ya kompyuta.

Halszka alikwangua kadi. Akasoma namba moja moja, Odile akaziingiza. Duara dogo likazunguka kwenye kioo.

Gemu likafunguka.

Treni ya bluu ikatokea kwenye kioo, milima nyuma yake, na muziki wa kinanda. Ingeborg aliinama karibu na kioo. Miezi mitano ya barua, majirani wanamcheka, na sasa treni ile iko mbele yake, inafuka moshi juu ya ardhi ya Ujerumani.

"Pole sana, mama," alisema Kasper, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Vidole tu."

Odile alianza kufunga kompyuta. Halszka akahisi duka lake linaondoka: rafu, kaunta, kengele na yote.

Na simu ya Kasper ikalia. *Ting.*

Ujumbe. Kwa kuwa simu ilikuwa kioo juu, kila mtu aliuona. Odile, ambaye husoma kila kinachomwangukia machoni, aliusoma kwa sauti.

"*Karibu Ujerumani. Ukiwa hapa, bei zako za kupiga na za intaneti hazibadiliki.*"

Odile akaacha kufunga kompyuta.

"Ajabu," alisema Ingeborg polepole. "Mimi nimeishi Ujerumani miaka sabini na moja. Simu yangu haijawahi kunikaribisha."

Halszka alielewa kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ni laini ya Poland. Kompyuta inadhani bado tuko dukani kwangu."

"Nilisahau," alisema Kasper.

"Bila shaka," alisema Odile. "Bi Tietze, unakaa mbali?"

"Unaliona lile dirisha lenye maua mekundu? Ghorofa ya tatu. Lifti hatuna, ila ngazi zipo, tena za bure."

Walipanda. Kasper alipanda wa mwisho, akihema. Sebuleni kwa Ingeborg kulikuwa na kompyuta kubwa mezani, usukani wa plastiki, na kofia mbili za reli zimetundikwa: yake, na ya mzee Zenon. Maana hiyo ndiyo siri ya mkasa wote huu, kama hamkuwa nasi tangu mwanzo. *Reli za Karpati* ni gemu la madereva wawili. Mmoja anaendesha, mwenzake anasimamia ishara na breki. Toleo la zamani Ingeborg na Zenon walilicheza kila Jumanne jioni, kila mtu kwake, mto katikati. Toleo jipya lilipotoka, Zenon alifunguliwa, Ingeborg akafungiwa nje.

Halszka akakwangua kadi ya pili. Odile akaingiza namba kwa mkono wake, kwa intaneti ya nyumba hiyo, waya ukutani.

*Bidhaa hii haipatikani katika nchi yako.*

"Labda kadi mbovu," alisema Kasper, lakini sauti yake haikumwamini tena.

Odile alimpigia Zenon dukani, akamsomea namba zile zile. Wote wakasikia mzee akibonyeza kwa kidole kimoja, tak, tak, tak, kama anayepigilia misumari.

"Imefunguka," alisema Zenon kwenye simu. "Treni iko stesheni, ishara ya kijani. Niondoke?"

"Subiri abiria, Zenon," alisema Ingeborg. "Nakuja."

Msomaji wangu, kama unadhani kesi iliishia hapo, hujui sheria. Hata Halszka hakujua. Walirudi dukani wakitembea kama timu iliyoshinda ugenini, wakagawana keki, Zenon akamimina kahawa. Odile alikula kipande chote kabla ya kusema neno, kisha akasema lile ambalo hakuna aliyetaka kulisikia.

"Haitoshi."

"Haitoshi vipi?" Halszka aliweka kikombe chini. "Umeona kwa macho yako."

"Nimeona mlango umefungwa. Sheria yetu inauliza ni nani na nani waliokubaliana kuufunga. Mtengenezaji akipanga bei tofauti huku na kule, peke yake, hiyo ni biashara yake. Lakini akikaa na msambazaji wakapatana kwamba mteja wa ng'ambo ya mto, aliyekuja mwenyewe na pesa yake, azuiwe, hapo wamevunja soko moja la Ulaya vipande vipande. Hapo napata kazi. Ila nahitaji hayo mapatano. Kwenye karatasi."

Kasper alipata rangi yake tena. Hata keki alichukua. "Na karatasi hiyo haipo. Mtengenezaji aliamua mwenyewe. Sisi Wiatrak tunasambaza tu, kama posta."

"Aliamua kwa sababu gani?" Odile aliuliza. "Kampuni yake iko mbali huko. Ilijuaje kwamba Wajerumani wananunua katika kiduka kimoja cha Zgorzelec?"

"Haikujua."

Kulikuwa na mlio mdogo wa kijiko kikianguka sakafuni. Mzee Zenon alikuwa amesimama nyuma ya rafu, mwekundu kuliko zile cheri.

"Ilijua," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia."

Halszka aligeuka. "Baba?"

"Mwanangu, nisikilize mpaka mwisho. Kuna dada alikuwa ananipigia kila mwezi kutoka Wiatrak. Sauti nzuri, adabu nzuri. Alisema ni kitengo cha takwimu. Nimhesabie wateja wangapi wanatoka Ujerumani, nijaze fomu, niitume. Nilikuwa nakaa bure humu asubuhi nzima. Miaka arobaini nimejaza fomu, nikastaafu, hakuna aliyeniomba fomu tena. Nikafurahi."

"Walikulipa?"

"Kalenda. Yenye picha za treni."

 Halszka alizunguka kaunta, akasimama dirishani, akawapa mgongo. Miaka mitatu Wiatrak walijua idadi ya wateja wake wa ng'ambo, naye akijiuliza nani anayemchongea. Kumbe mchongeaji alikuwa akimletea kifungua kinywa.

Ingeborg alimgeukia mzee.

"Zenon. Na mimi ulinihesabu?"

"Kila Jumanne asubuhi, ulipokuja dukani." Mzee hakuinua macho. "Safu yako niliiandika kwa wino wa bluu. Wengine penseli."

"Kila Jumanne kwa miaka mitatu?"

"Ulikosa mbili tu. Ulikuwa na mafua."

Ingeborg alikohoa, akarekebisha kola yake. "Nilikaa kwenye ndoa miaka ishirini na sita," alisema, "na marehemu mume wangu hakuwahi kujua siku niliyokuwa na mafua."

Mabega ya Halszka yakaanza kutikisika. Zenon alidhani analia, akamsogelea kwa hofu. Alikuwa anacheka.

"Wino wa bluu, baba," alisema, akamshika sikio kama mtoto. "Umeniuza kwa kalenda na wino wa bluu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe Jumapili. Leo bado nina hasira."

Odile alikuwa amesogeza sahani pembeni. "Mzee, hizo fomu ulizituma zote?"

"Zote."

Odile akashusha pumzi. "Basi zimekwenda."

"Asili zimekwenda," alisema Zenon, karibu kuudhika. "Nakala ninazo. Mtu wa reli hatumi karatasi bila nakala. Na majibu yao yote ninayo. Mwezi wa Novemba walinitumia hata kurasa za Kiingereza zimebanwa nyuma, nadhani kwa bahati mbaya. Kiingereza sijui, nikazipanga kwa tarehe."

Odile akaweka kikombe chini.

"Kurasa za Kiingereza," alirudia Odile. "Zinahusu nini?"

"Nimesema sijui. Ila zina sahihi mbili chini. Ya Wiatrak, na ya watu wengine."

"Ziko wapi?"

"Kwenye kopo la biskuti. Kibandani, bustani yangu ya mboga nyuma ya stesheni, namba kumi na nne."

Simu ya Kasper ikatetemeka. Akaitazama. "Samahani," alisema, "ni ofisini," akatoka nje kuipokea. Kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Sekunde tano. Kumi. Kisha wakasikia injini ya gari na matairi yakisaga mawe.

"Mzee," alisema Odile kwa utulivu wa kutisha, "kibanda chako kina kufuli?"

"Kina kamba."

Wote wanne walikimbilia gari la Zenon, gari lenye umri unaomzidi Halszka. Mzee alikaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akarekebisha tena.

"Sogea, Zenon," alisema Ingeborg. "Unaendesha kama mtu anayesubiri ruhusa ya stesheni."

Akasogea. Yule mama aliling'oa gari lile kama tramu iliyochelewa, akakata kona ya sokoni, akapigia honi njiwa, akapita mbele ya kanisa Halszka akisali na Odile ameshikilia dari kwa mikono miwili.

"Bi Vanacker," aliuliza Halszka, "akizichoma, tunafanya nini?"

"Tunaanza upya. Leo sina hata hati ya kupekua. Nilikuja kusikiliza tu."

Gari la Kasper lilikuwa nje ya uzio wa bustani, mlango wazi. Kamba ya kibanda ilikuwa imefunguliwa, ikining'inia.

Halszka alitangulia mbio kati ya matuta ya viazi. Hakuona moshi. Alipozunguka kibanda, akasimama ghafla hata Odile akamgonga mgongoni.

Kasper Rudzki alikuwa amekaa kwenye benchi, tai imelegezwa, kopo la biskuti mapajani. Kando yake, kiberiti. Viatu vyake vya kung'aa vimejaa udongo. Alikuwa anakula stroberi za Zenon, moja moja, kama mtu asiyesikia ladha.

"Nilikuja kuzichoma," alisema. "Nawaambia ukweli."

"Mbona hukuchoma?" aliuliza Halszka.

"Simu nyingine, nilipofika hapa. Bosi wangu. Mtengenezaji wa gemu amefika Brussels asubuhi hii na wanasheria wake. Amekwenda kukiri."

Odile alikaza macho. "Anayekiri na kushirikiana hupunguziwa faini. Wanalijua hilo."

"Wanalijua. Na Warsaw nao wamewaka moto, wanataka kukiri kabla ya jioni. Wote wawili wamekubaliana jambo moja tu." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kwamba lilikuwa wazo langu. La Kasper Rudzki, mtu wa mauzo, peke yake, bila kumwambia mtu. Bosi ameniambia kwa sauti ya mtu anayeniagizia sandwichi."

Halszka alimwangalia. Saa mbili zilizopita angefurahi kumwona hivyo. Sasa alimwona tu mwanamume mwenye udongo viatuni.

"Basi nikafungua kopo," aliendelea Kasper, "nione jina langu limeandikwa wapi. Halimo. Lakini nimeona kitu kingine." Akatoa kurasa tatu zilizobanwa, akamnyooshea mkaguzi. "Bi Vanacker, umekuja kutafuta gemu moja la treni."

Odile alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Wa pili aliusoma akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wa tatu aliusoma mara mbili.

"Ni mangapi?" aliuliza Ingeborg.

"Magemu sitini na matatu," alisema Odile. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Watengenezaji wanne. Nchi nane zimewekewa uzio. Tarehe, sahihi, kila kitu."

"Na mzee amezipanga kwa tarehe," alisema Zenon, akinyoosha mgongo kidogo.

Nje ya uzio, gari likasimama. Kisha la pili. Milango minne ikafungwa kwa zamu, na sauti za wanaume zikaanza kuuliza bustani namba kumi na nne ni ipi.

Kasper hakuinua kichwa. "Hao ni wetu, wa tawi la Wrocław. Bosi aliwatuma tangu asubuhi wanisaidie. Nilipokuwa njiani niliwaambia pa kunikuta. Bado sikuwa nimesoma."

"Watasema karatasi ni mali ya kampuni," alisema Odile, akisimama. "Na kwa leo sina uwezo wa kuwazuia."

Halszka alitazama huku na huku: uzio mrefu, viazi, kibanda chenye kamba. Hatua zilikuwa zinakuja kwenye kokoto.

Ingeborg Tietze alizichukua zile kurasa mkononi mwa mkaguzi, akazirudisha kwenye kopo, akabana kifuniko. Akaliweka kopo juu ya kiti cha bustani, akalikalia, akatandaza sketi yake vizuri pande zote, akakunja mikono kifuani.

"Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja," alisema. "Waje waniombe nisimame."